Duka la Mkono

Mlola, 6 Machi 1994

Mdogo wangu Sefania,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima, mpwa wako Anitha mzima, ng'ombe mzima. Baridi tu ndiyo haina adabu mwaka huu. Anitha amemaliza kushona sare za kwaya na sasa ananidai cherehani ya kwake mwenyewe, utadhani nilizaliwa na kiwanda. Kaburi la marehemu shemeji yako Timotheo lilikuwa limeota magugu, nikalipalilia Jumapili baada ya ibada.

Wewe je? Tangu walipowapunguza kazini kule kwenye kiwanda cha chai nimepata barua yako moja tu. Ulisema mmehamia Mazinde kwa kina Jesca na umefungua duka. Basi, ukaweka sahihi. Mtu hali kiinua mgongo chake, anakijengea duka ukweni, halafu anamwandikia dada yake mistari miwili kama anayeandika simu ya posta.

Nina sababu ya kuuliza. Siku hizi ni ruksa, kila mwenye mlango hapa Mlola ameutoboa dirisha anauza kitu. Mdogo wake marehemu ana chumba karibu na gulio, ameniambia nikikitaka nikichukue. Nakitaka. Lakini mtaji wangu ni yule ng'ombe mwekundu, na huyo ndiye maziwa yetu, ndiye mbolea ya kabichi, ndiye kitu pekee alichoniachia Timotheo chenye pumzi. Nikimuuza nikakosea, sina wa pili. Wewe umenitangulia, basi niambie kweli kipi kinakwenda na kipi hakiendi. Ukisema lako linasimama, nami nitauza.

Msalimie Jesca na Lightness. Msalimie sana Mama Mariamu, mkweo, mwambie peasi zake nitazituma.

Dada yako,
Efrazia


Mazinde, 4 Aprili 1994

Dada Efrazia, shikamoo.

Barua yako ilifika ikinuka moshi wa jikoni kwako, nikajua mko salama. Sisi hapa tunaishi. Joto la huku unalijua. Jesca anafundisha darasa la tatu, hurudi alasiri sauti imemkauka. Lightness ameng'oka jino la mbele na amelificha, hataki litupwe. Wazee wa hapa wazima, wanapokea salamu.

Kuhusu duka, dada, lipo, tena barabarani kabisa. Mabasi ya Moshi na Arusha yanapita mbele yake. Nina kaunta nzuri, mizani, shelfu tatu, na chumba cha nyuma cha kuwekea mali, katikati pazia. Nje chini ya paa nimeweka benchi refu, alilitengeneza fundi wa Mombo, ili mteja apate pa kupumzika. Watu hawakauki pale nje tangu asubuhi, ungepita ungedhani kuna mkutano. Najulikana Mazinde nzima, mpaka watoto wadogo wamelipa duka langu jina.

Kuhusu ng'ombe, usiwe na haraka. Biashara ina mambo yake.

Mdogo wako,
Sefania


Mlola, 8 Mei 1994

Mdogo wangu Sefania,

Marahaba. Masika yametunyeshea vizuri, karoti zimeoza kidogo upande wa bondeni lakini maharage yamekubali. Anitha amechumbiwa, au anasema amechumbiwa, kijana mwenyewe bado hajaja kujitambulisha.

Nimewasomea wenzangu wa kwaya barua yako pale watu wanapojaa kama kwenye mkutano. Wamefurahi mno. Mimi nimefurahi zaidi, kwa sababu ulipopunguzwa kazi nililia, sikukwambia. Nilijua wewe ni mtu wa mashine za chai, ukishatolewa kwenye zile mashine utakaa tu umejikunyata. Kumbe mgosi wangu, mwanamume wa kwetu, amekuwa tajiri wa barabarani.

Sasa hilo "usiwe na haraka" ndilo sijalielewa. Wewe una watu tangu asubuhi, mimi nisubiri nini? Nataka nije nione kwa macho yangu unavyopanga vitu, unavyosema na wateja, jinsi unavyomkatalia mtu bila kumkasirisha. Januari, mtoto wa jirani yetu anayeendesha lori la matunda, anapita hapo kwenda Same karibu kila juma. Nitapanda naye mwezi wa sita.

Halafu nilimsalimu Mama Mariamu, ukanijibu "wazee wa hapa". Yeye mwenyewe hajambo? Miguu yake vipi?

Dada yako,
Efrazia


Mazinde, 12 Juni 1994

Dada Efrazia, shikamoo.

Hongera kwa Anitha. Samahani nimechelewa, kazi zilinizidi.

Dada, mwezi huu usije. Vumbi la huku sasa hivi si la mtu aliyezoea hewa ya mlimani, utaumwa kifua. Jesca ana mitihani ya wanafunzi, atashindwa kukupokea inavyostahili. Na chumba cha wageni kimejaa mali. Tuache mpaka baada ya mavuno.

Biashara sasa imekuwa na ushindani. Kuna mtu kutoka Tanga anaitwa Yassir, amefungua ng'ambo ya barabara, amekuja na redio kubwa na anacheka na kila mtu. Watu wa mkonge wakipokea mshahara wanapenda wacheke na muuzaji, washike kitambaa, wageuze sufuria waone chini yake. Mimi si mtu wa kucheka ovyo, unanijua. Bidhaa nazo zimekuwa nyingi kila mahali, siyo kama zamani ambapo mtu mwenye sabuni alikuwa mfalme.

Mkwe ni mzima. Miguu inamsumbua, kwa hiyo anapenda kukaa.

Mdogo wako,
Sefania


Mlola, 3 Julai 1994

Sefania,

Leo sina salamu ndefu. Sote wazima.

Mchuuzi wa ng'ombe amekuja kumwona mwekundu, amempenda, anarudi gulio lijalo. Shemeji yangu naye anasema kuna mwingine anayekitaka kile chumba. Siwezi kuwashika wote wawili kwa mkono mmoja.

Umenieleza vumbi, umenieleza Yassir, umenieleza redio ya Yassir. Sikuulizi tena habari za duka. Nakuomba neno moja. Uza, au usiuze. Liandike kwenye kipande chochote cha karatasi umpe Januari anayekuletea hii. Nakuamini wewe kuliko watu wote wa Mlola.

Efrazia


Mazinde, 7 Julai 1994

Dada, shikamoo.

Januari amesimamisha lori, injini inanguruma na yeye ananiharakisha.

Ni vigumu mtu kumwamulia mwenzake. Kila duka na mahali pake, kila mtu na riziki yake, na kinachomfaa mmoja huenda kisimfae mwingine. Mimi nakuombea heri. Fanya utakavyoona moyoni kwamba ni sawa, nami nitakuwa pamoja nawe.

Sefania


Mlola, 18 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Nilimuuza. Moyoni niliona ni sawa, kama ulivyoniambia. Alipofika kwenye kona ya kanisa akageuka akalia, Anitha akaingia ndani akafunga mlango. Nilikilipia chumba cha shemeji na nikampa fundi kazi ya shelfu. Nilipanga nikuandikie haya yote kwa furaha.

Sasa jana Januari amekuja kunywa chai. Nikamtania, nikamwambia mdogo wangu atakuajiri umbebee mali. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Nikajua kuna neno. Nikamkalisha mpaka akalitoa.

Anasema alisimama hapo Mazinde kununua sabuni ya mche. Akamkuta Mama Mariamu kwenye benchi, ameegemea nguzo ya paa, watu wamemzunguka wanaongea. Akamwamkia, akaita hodi dukani. Kaunta haina mtu. Pazia likatikisika, mkono ukatoka. Mkono tu, bila mwenyewe. Sauti ikauliza, "Nini?" Akasema sabuni. Mkono ukarudi ndani ukatoka na sabuni. Akasema hiyo sitaki, nataka ile ya bluu, mkono ukarudi ukatoka na ileile. Akalipa mkono, akaondoka. Watoto waliokuwa wanapita wakaimba, "Mkono, mkono, nipe peremende." Akamuuliza mtoto mmoja hapa ni wapi, akaambiwa ni Duka la Mkono.

Na Mama Mariamu akamwambia kwa fahari kabisa, "Mkwe wangu yumo ndani. Ananiheshimu sana huyo."

Januari anasema hata barua yako ya Julai ulimpitishia dirisha la nyuma, yeye alidhani unaumwa macho.

Duka la Mkono ni la nani, Sefania? Nilikuomba neno moja tu.

Efrazia


Mazinde, 16 Oktoba 1994

Dada Efrazia, shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Barua yako nimekaa nayo wiki kadhaa. Kila nilipoanza kuandika nilisikia Januari akicheka kidogo kisha akinyamaza. Kicheko cha mtu unaweza kukizoea, dada. Huko kunyamaza ndiko kunakoniua.

Nitaeleza, na nikiacha pahali ujue nimeona haya.

Kiwanja ni chake, yeye mzazi wa Jesca. Unajua siwezi kulitaja jina lake hata kwa kalamu. Tuliposhuka kutoka kwenye chai sina kazi wala nyumba, alitukatia kipande cha mbele cha uwanja wake akasema mkwe ajenge, mtoto wangu asilale kwa watu. Mwanamume mwenye ndevu, nimepewa pa kulala na mama wa mke wangu. Nilijenga kwa kiinua mgongo chote. Nikaweka kaunta, nikaweka lile benchi.

Siku ya pili ya duka, asubuhi, amekwisha kunywa uji, akaja akakaa kwenye benchi.

Sasa fikiria. Mlango wa duka umeelekea benchi, benchi limeelekea kaunta, hatua chache tu. Mimi na yeye hatutazamani usoni. Nikimwona njiani naingia porini mpaka apite. Nitasimamaje mbele yake kutwa nzima, nimemkodolea macho, nabishana na watu bei, naitwa "we muuzaji", nacheka na wanawake wanaochagua khanga? Nikasema ni leo tu, amekuja kutubariki. Nikaingia nyuma ya pazia. Kesho yake akaja tena na mkeka wa kuwekea miguu.

Tangu siku hiyo, dada. Nakaa juu ya katoni ya sabuni, gizani, namsikia anavyoongea. Jesca akirudi shuleni alasiri ndipo yeye anaondoka kwenda kulala, nami natoka kama popo. Mteja wa asubuhi namhudumia kwa mkono. Mtu wa mkonge hawezi kununua sufuria kwenye mkono. Wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa Yassir.

Utasema Jesca angemwambia mama yake. Alitaka. Nilimkataza. Mtoto atamwambiaje mzazi wake, ondoka kwenye kiwanja chako, unamwudhi mtu uliyemhifadhi? Na mimi mwenyewe sina mdomo hapa. Jambo la namna hii linapelekwa na mshenga, na mshenga wangu alikuwa Timotheo, ambaye amelala chini ya magugu unayoyapalilia. Baada yake ni wewe. Ningekutuma wewe ilibidi nikwambie. Na ningekwambiaje kwamba nimefanya kazi na mashine miaka yote ile bila kukatwa kidole, halafu nimeshindwa na benchi nililolinunua mwenyewe?

Ungesikia Yassir amenishinda, ningekuwa mfanyabiashara aliyeshindwa, wako wengi siku hizi. Lakini kushindwa na bibi aliyekaa kimya ananisifu kwa wapita njia, hilo nililionea haya kuliko njaa. Kwa hiyo ulipoomba neno moja nilikuandikia mengi. Neno lenyewe nilikuwa nalo, nilikuwa nalo tangu mwezi wa tatu. Ni "usiuze". Limekufikia ng'ombe amekwisha geuka kwenye kona ya kanisa.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba usifungue hicho chumba cha shemeji yako mpaka umejiuliza utakaa wapi wakija wazee wa upande wake.

Mdogo wako,
Sefania


Mlola, 6 Novemba 1994

Sefania,

Marahaba. Salamu huwa naitikia hata ya mtu mjinga.

Nilikasirika nikaitupa barua yako kwenye kuni, Anitha akaiokoa. Nikaisoma tena. Nikacheka pale pa popo, halafu nikalia, halafu nikakasirika upya. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Umejificha nyuma ya pazia mpaka kwangu mimi niliyekubeba mgongoni.

Nakuja na Januari wiki ya kwanza ya Desemba, kwa nafasi ya marehemu. Usinikataze, vumbi la huko nimeshalisikia. Nitakuja na peasi za kopo maana za mtini hazijaiva, na maharage, na khanga mpya. Wewe kaa kwenye katoni yako usitie neno.

Efrazia


Mazinde, 22 Januari 1995

Dada Efrazia, shikamoo.

Nashukuru ulifika salama na nashukuru ulivyokuja. Lightness bado anavaa ile sweta uliyomletea katika joto hili, haambiliki.

Uliondoka siku ileile, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Wala hujui kwamba nilisikia kila neno, maana nilikuwa nyuma ya pazia kama ulivyoniamuru. Nilisikia ulivyomwamkia, ulivyomfunga khanga begani, ulivyozunguka na habari za peasi na mvua mpaka nikadhani umesahau. Kisha ukamwambia wateja wanaona haya kuchagua vitu mbele ya mama mtu mzima. Hukunitaja hata mara moja. Sijui mtu mwingine ambaye angelisema vizuri kuliko hivyo.

Nikamsikia akiondoa miguu kwenye mkeka. Kisha akasema, "Kumbe." Basi. Akaukunja mkeka wake mwenyewe, akakataa usimbebee.

Kesho yake benchi lilikuwa tupu. Nilitoka nikasimama kwenye kaunta yangu asubuhi, mara ya kwanza tangu siku ile ya kufungua duka. Mwanga uliniumiza macho. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa shati la kanisani.

Mzee mmoja jirani akaja, akachungulia, akauliza, "Mama yuko wapi, anaumwa?" Nikasema hajambo. Akasema basi nitampitia nyumbani, akaondoka. Akaja mwanamke na ndoo kichwani, vilevile. Wakawa wanakuja, wanatazama benchi, wananitazama mimi, wanaaga. Mpaka jioni nilikuwa nimeuza chumvi tu.

Baadaye yule mzee akanieleza bila ubaya wowote. Walikuwa wanakuja kumsabahi yeye. Wamekaa kwenye benchi la mtu, wamepiga soga mlangoni kwa mtu, wakiinuka wanaona aibu kuondoka mikono mitupu. Kwa hiyo mtu anachukua kiberiti, mwingine mafuta ya taa ya kibatari. Dada, nilidhani haya yangu ndiyo inayoua duka. Kumbe haya yao ndiyo iliyokuwa ikiliweka hai.

Wa viberiti wamekwenda kumsalimia nyumbani kwake. Wa sufuria walishamzoea Yassir siku nyingi. Ningesema mwezi ule wa kwanza wa duka, benchi likageuzwa kidogo tu likaelekea barabarani, nafikiri ningekuwa na wote. Niliacha mwaka upite.

Lakini hilo silo linalonikosesha usingizi. Yeye hatoki tena. Kaufunga mlango. Jesca akimpelekea chakula anauliza, "Mkwe amekula?" halafu haongezi. Watu wameanza kusema nimemfukuza mama wa watu kwenye kiwanja chake ili nipate pa kuuzia. Nao hawakosei sana.

Sefania


Mlola, 19 Februari 1995

Mdogo wangu Sefania,

Marahaba. Kijana wa Anitha amekuja hatimaye, na mshenga mnene mwenye miwani. Tumewapa bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu, wamekula wakaomba tena. Ndama niliyemnunua ni mweusi, mkaidi, lakini yupo.

Ndiyo, ndama. Chumba cha shemeji nimekirudisha. Baada ya kukuona ulivyotoka kwenye lile giza kuja kuniaga, huna hata rangi, nilirudi nikasimama mbele ya shelfu zangu mpya, nikawahesabu kichwani wote ambao siwezi kuwakatalia katika ukoo ule. Sikuwamaliza. Shemeji amenirudishia kodi nusu, akasema nusu ni ya usumbufu. Shelfu Anitha anawekea vitambaa. Ng'ombe mwekundu sitampata tena, na nikisema sina kinyongo nitakuwa nakudanganya. Ninacho. Kitapungua.

Hapa wamenicheka. Wale wa kwaya niliowasomea barua yako ya mkutano, wananiuliza kila Jumapili, dada Efrazia, duka lini? Nami naimba kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa nisikilize. Duka limekufa, lizike, usilipake mafuta. Muuzie Yassir kilichobaki kabla hakijaingiwa na panya. Mimi ndiye niliyemtoa yule mama kwenye benchi, kwa maneno matamu, na maneno matamu yakimwingia mtu mzima yanakaa kama mwiba. Siwezi kuja kuyatoa. Mshenga hutumwa kupeleka jambo, hatumwi kulirudisha. Hilo ni lako. Wewe unayejua kumheshimu, mheshimu sasa.

Efrazia


Mazinde, 26 Machi 1995

Dada Efrazia, shikamoo.

Tuko wazima. Lightness ameota jino jipya, la zamani bado analo kwenye kopo. Mwambie Anitha tutakuja arusini hata kama ni kwa lori la matunda.

Nimefanya ulivyosema. Yassir alikuja na kijitoroli, akachukua mali iliyobaki, mizani, shelfu zote, na kaunta. Alikuwa na adabu, alizima redio kabla ya kuvuka barabara. Alilitaka na benchi. Nikamwambia benchi haliuzwi. Akanitazama akadhani nimechanganyikiwa. Duka ni chumba kitupu sasa, limebaki pazia. Mimi nimepata kibarua cha kupalilia kwenye mkonge, zamu ya mchana. Wale waliokuwa wakivuka kwenda kwa Yassir ndio wanaonifundisha kushika jembe la huku.

Kwake siwezi kwenda, wala siwezi kumtumia maneno. Kwa hiyo nililiosha benchi kwa sabuni, nikalirudisha pale pale lilipokuwa, nikatandika mkeka mpya wa kuwekea miguu mbele yake. Nikaacha. Siku za kwanza walikaa kuku. Jesca alisema tuliingize ndani lisiibwe, nikakataa.

Juzi asubuhi nilikuwa ndani najiandaa kwenda kibaruani nikasikia fimbo yake uwanjani. Ikasimama. Nikasikia anavyokaa, ule mguno wake wa magoti. Nikaingia nyuma ya pazia, dada, mwenyewe, hakuna aliyenituma. Katoni hazipo tena, nikachuchumaa chini.

Haikupita muda wakaanza kuja. Yule mzee, yule mwanamke wa ndoo. Wanasabahiana kama watu waliorudi kutoka safari. Akapita mgeni, nafikiri wa basi, akaita, "Hodi, hapa dukani kuna mtu?" Chumba kitupu anakiona, kaunta haipo. Watu wote pale nje wanajua. 

Yeye, kwenye benchi, akasema, "Mkwe wangu yumo ndani. Ananiheshimu sana huyo."

Mgeni akasema alitaka kiberiti tu. Nilinyata mpaka jikoni, nikachukua chetu juu ya figa, nikarudi, nikatoa mkono nje ya pazia.

Jioni nilipotoka kibaruani, Jesca alitaka kuwasha moto, akakitafuta kiberiti kila mahali. Nikamwambia kimeuzwa.

Mdogo wako,
Sefania